Nilisimamisha ndege siku ya zamu ya mwenzangu, na mpaka leo sina uhakika niliona nini

Wakuu, habari za muda huu.

Humu nimekuwa msomaji tu kwa muda mrefu. Leo naandika mimi. Nitaeleza kilichotokea kama kilivyotokea, na pale ambapo sina uhakika nitasema sina uhakika. Mtaona penyewe ni pengi.

Mimi ni binti, naitwa Zuhura, naishi Soweto hapa Moshi. Shule niliishia form four na matokeo hayakunipeleka mbele. Baba ni fundi makochi, namsaidia kukata na kushona vitambaa. Kwa hiyo nikiandika ovyo mnivumilie.

Kuna kikundi cha vijana wanaopenda mambo ya ndege. Sio jeshi na sio chuo. Tunajiita makadeti kwa sababu tuna sare, tuna gwaride na vyeo vidogo vidogo vya kututia moyo. Tunajifunza dira na ramani, huduma ya kwanza, hali ya hewa, kuongea kwenye redio, na kazi za chini, yaani zile zinazofanyika kabla ndege haijaruka.

Anayetufundisha ni Mwalimu Urio, fundi wa ndege mstaafu. Mzee mpole, anaongea taratibu, ila akirudia jambo mara ya pili ujue amekasirika.

Nilivyoingia ilikuwa hivi. Mwalimu Urio alikuja kwa baba na kitambaa cha rangi ya chungwa, anataka ashonewe soksi ya upepo, ile inayoning'inia kwenye nguzo kumwonyesha rubani upepo unatoka wapi. Baba akanipa mimi. Nikamuuliza mzee kwa nini mdomo uwe mpana na mkia uwe mwembamba. Akasema, "Njoo Jumamosi uione ikivuta pumzi."

Nikaenda. Soksi ikapandishwa, ikajaa upepo, ikanyooka. Nilisimama pale nikiiangalia mpaka watu wakaanza kuondoka. Sijui kueleza zaidi ya hapo. Jumamosi iliyofuata nikarudi.

Baba aliuliza tu, "Na makochi ya Jumamosi nani atashona?" Nikasema nitashona Ijumaa. Hakuuliza tena.

Mtaani ndio walinisumbua kidogo. Nikipita na sare: "Rubani, ndege umeipaki wapi?" Mama mmoja jirani yetu alisema, "Zuhura, siku ukipita juu ya kwangu punguza mwendo, nimeanika dagaa." Sikuwachukia, hata mimi ningesema.

Huko kwenye kikundi nikapata rafiki, Ndeshi. Kwao ni Machame, juu ya Kwa Sadala. Amesoma kuliko mimi na anaelewa haraka kuliko mimi. Naliweka hili mapema kwa sababu huko mbele litahitajika.

Tulifanya kambi moja kwao, katikati ya migomba na kahawa. Mahema tuliyafunga nyuma ya zizi. Baridi ya kule sio ya kusimuliwa. Tulifundishwa kutengeneza machela kwa fito mbili na makoti, halafu tukambeba mwenzetu "mgonjwa" kupanda kilima, na mgonjwa mwenyewe alikuwa anakula ndizi juu ya machela.

Babu yake Ndeshi, ambaye sote tulimwita Meku kama wanavyoita wazee huko, alikuwa anakuja kukaa na sisi kwenye moto. Siku moja akatuuliza, "Hiyo ndege mnayoisomea, mnayo?"

Ndeshi akasema, "Hatuna, Meku. Kuna Kapteni anakuja nayo akipata nafasi."

"Kwa hiyo mmevaa viatu vya harusi, bwana harusi hajulikani."

Tukacheka wote. Lakini baadaye nilimsikia akimuuliza Ndeshi taratibu kama kweli mtu akiwa huko juu anaweza kuona bati la nyumba yao.

Sasa nieleze kanuni moja, maana bila hiyo uzi huu hautaeleweka.

Kiwanjani, mtu yeyote akinyanyua mikono na kuikatiza juu ya kichwa, rubani anazima injini. Yeyote. Hata aliyejiunga jana. Hakuna kugombezwa, na rubani akishuka lazima aje amwambie asante aliyenyanyua, hata kama haikuwa kitu. Mwalimu Urio alisema asante hiyo ni sehemu ya kazi, kama kukagua mafuta.

Kwenye maneno ni rahisi. Kwenye vitendo ilitushinda.

Mazoezi tulifanya kwa toroli la kubebea mchanga. Mwalimu Urio analisukuma, hilo ndio ndege, sisi tumesimama pembeni. Anaweka tofali njiani, anayeliona anyanyue mikono. Siku ya kwanza zamu ilikuwa yangu. Nikaliona tofali. Nikapiga goti kidogo, nikasema, "Shikamoo Mwalimu, samahani." Ndipo nikanyanyua mikono. Toroli lilikuwa limeshagonga.

Mwalimu akanijibu, "Marahaba mwanangu. Umeniamkia vizuri sana, ila nimeshakufa."

Tulicheka, lakini aliyefuata naye alifanya vilevile. Na aliyefuata. Sisi tumelelewa kwamba mzee humsimamishi kwa mikono kama mbuzi, unamsogelea, unamwamkia, ndipo unasema shida yako. Ilichukua Jumamosi nyingi mikono kutangulia mdomo.

Tuendelee.

Kapteni ni mzee mwenye ndege ndogo ya viti viwili, cha kwake na cha mgeni. Hakai Moshi. Akipata safari ya kupita huku huwa anatua, na aliahidi kwamba kila akija atampandisha kadeti mmoja. Ahadi hiyo ndiyo iliyokuwa inatutoa kitandani.

Safari ya kwanza Mwalimu Urio alitufanyia mtihani wa mdomo ili kuchagua wa kwenda. Mwishoni tulibaki wawili, mimi na Ndeshi. Swali la mwisho lilikuwa la mawingu, kwa nini mlima asubuhi unaonekana wote halafu jua likipanda unajifunika. Mimi nilijibu nusu. Ndeshi alijibu lote.

Ulikuwa mtihani wa haki. Nilikitaka kile kiti sana, na nilipoteza kwa haki. Nilimpa mkono Ndeshi na nilimaanisha, nadhani.

Siku yenyewe anga lilikuwa safi, Kibo yote iko wazi. Familia ya Ndeshi ilishuka mapema. Meku alivaa koti jeusi la kanisani na kofia. Mama yake Ndeshi alikuja na mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, kwenye chupa ya chai kubwa. Na kule nyumbani walitandika shuka jeupe juu ya bati, wakaliwekea mawe kwenye kona, ili Ndeshi akipita asikosee nyumba. Kapteni alikubali kuzungukia upande wa Machame na kurudi kwa njia ya Mabogini.

Kabla hawajaondoka, Meku aliomba kuiombea ndege. Kapteni akamruhusu. Mzee akaegemea ule mhimili ulioshika bawa, akaweka mikono, akasali kwa Kichagga. Tukasema amina. Mimi ni Muislamu na nilisema amina pia.

Mimi nilipangwa kusimama kushoto, mbali na bawa, na mtungi wa zimamoto.

Injini ikawaka. Ndeshi alikuwa ananiangalia kupitia kioo, amevaa zile headphone kubwa, anatabasamu. Ndege ikaanza kusogea.

Ndipo nikaona kitu cheusi kikidondoka chini ya ndege, karibu na tairi la kushoto, kikaviringika kwenye vumbi.

Nikanyanyua mikono.

Safari hii sikumwamkia mtu. Mikono ilipanda yenyewe. Nakumbuka niliishangaa kama mikono ya mtu mwingine.

Kapteni akazima injini. Kiwanja kikawa kimya, mpaka soksi ya upepo unaisikia ikipiga nguzo.

Mwalimu Urio akaja. "Umeona nini?"

"Kitu cheusi, kimedondoka."

"Kikubwa kiasi gani?"

Hapo ndipo nilipoanza kujishuku. Nikaonyesha kwa vidole. Halafu nikapunguza. Halafu nikasema sijui.

Makadeti wote tukapanga mstari, bega kwa bega, tukatembea tukiangalia chini, kama tunavyofanya kila siku ya ndege kuokota mawe na takataka. Tulipata kizibo cha soda, vijiwe, na kifungo kimoja cheusi cha nguo.

Mtu akamwangalia Meku. Koti lake lilikuwa limepungukiwa kifungo kimoja, cha chini.

Meku akasema, "Changu kilipotea kabla ya Krismasi. Hiki sikijui."

Kapteni na Mwalimu Urio wakafungua boneti, wakakagua injini, matairi, breki, kila skrubu waliyoweza kuifikia. Hawakuharakisha. Kila kitu kilikuwa kimekaza. Hakuna kilichopungua.

Walipomaliza, mlima ulikuwa umeshafunikwa, na mawingu yalikuwa yameteremka mpaka kwenye kahawa. Upande wa Machame ulikuwa haupitiki. Kapteni alikuwa na kazi nyingine mchana, hakuweza kusubiri. Safari ikafa.

Kabla hajaondoka alinifuata, akanipa mkono, akasema, "Asante." Hakucheka na hakununa. Mpaka leo sijui kama ni asante ya moyoni au ni ile ya utaratibu.

Mama yake Ndeshi alimuuliza Mwalimu Urio, mimi nikiwa palepale, "Huyu ndiye aliyeshindana na mwanangu?"

Mwalimu akasema, "Ndiye."

"Haya," mama akasema, akaanza kukusanya vikombe.

Ndeshi alishuka. Alivua zile headphone, akazikunja waya vizuri kama tulivyofundishwa, akaenda kukaa na babu yake.

Nimtendee haki yule mama, ningekuwa yeye ningewaza vilevile. Mimi mwenyewe niliwaza vilevile. Nilikitaka kiti, nikakikosa, halafu mimi ndiye nikaona kitu ambacho hakuna mwingine aliyekiona. Ungekuwa hakimu ungesemaje?

Nyumbani nilimweleza baba. Alikuwa anapigilia kochi, misumari iko mdomoni. Akaitoa.

"Uliona au hukuona?"

"Niliona."

"Sasa mbona unaongea kama unaomba msamaha?"

Nikachukua mkasi, nikaendelea kukata kitambaa.

Zile wiki zilizofuata zilikuwa ngumu kidogo. Kwenye group la WhatsApp kuna mtu alitengeneza sticker ya mtu amekatiza mikono, ikawa ndio jibu la kila kitu. Mtu akiuliza kesho tunakutana saa ngapi, anatumiwa hiyo. Nikaanza kuitwa Zuia. "Zuia, tuvuke barabara au bado?" Walikuwa wanatania, sisemi walikuwa wabaya. Wengi wao ndio walionifundisha kufunga mafundo na kusoma ramani.

Ndeshi alikuwa ananisalimia, lakini kama anavyomsalimia mtu wa benki.

Nikasikia pia kwamba Meku amekataa shuka lishushwe kwenye bati. Mama yake Ndeshi anataka shuka lake, mzee anasema likae hapohapo mpaka mjukuu wake apite. Mvua zikalinyeshea. Watu wa kule wakaanza kuelekezana njia kwa lile shuka.

Mimi niliamua jambo moja moyoni na sikumwambia mtu. Kwamba nitaendelea kuja, nitafanya kazi zangu, ila mikono sitanyanyua tena. Wapo wengi pale, nao wana macho.

Jumamosi moja Mwalimu Urio akatoa toroli. Akaweka tofali katikati ya njia, peupe kabisa, akaanza kulisukuma. Tulikuwa tumesimama pande zote mbili. Kila mtu aliliona. Na niliona wakiniangalia mimi, kila mmoja, kama vile kazi hiyo imeshapata mwenyewe. Wengine wanatabasamu wakisubiri ninyanyue wacheke.

Sikunyanyua. Na wao hawakunyanyua.

Mwalimu hakupunguza mwendo. Toroli likiwa hatua chache tu kutoka kwenye tofali, Ndeshi akakatiza mikono juu ya kichwa. Kwa hasira, unaona kabisa ni hasira.

Mwalimu akasimama. Akamwendea, akamwambia, "Asante." Halafu akageuka akakaa juu ya toroli, akatuangalia.

"Zamani mlikuwa mnaniua kwa heshima," akasema. "Siku hizi mnaniua kwa aibu. Mimi kwangu kufa ni kulekule."

Hakurudia. Alitupa mapumziko ya chai.

Ndeshi akanifuata kwenye sinia la vikombe. Hiyo ilikuwa mara yetu ya kwanza kuongea vizuri tangu siku ile.

"Tofali uliliona?"

"Nililiona."

"Mbona hukunyanyua?"

Nikapanga vikombe kwenye sinia.

"Ni kwa sababu yangu?"

"Ni kwa sababu yangu mwenyewe," nikasema. "Sijui siku ile niliona kwa macho au kwa tamaa."

Akamimina chai, akaweka sukari, akakoroga. Ndeshi ni mtu wa kukoroga muda mrefu. Halafu akasema, "Na mimi sijui," akaondoka na kikombe chake.

Halikuwa jibu la kunifariji, lakini nililipenda kwa sababu lilikuwa la kweli.

Baadaye Kapteni akapata safari nyingine ya kupita Moshi. Mwalimu Urio hakufanya mtihani, alisema kiti bado ni cha Ndeshi. Hakuna aliyepinga, mimi nikiwemo.

Asubuhi ya safari hiyo familia ikashuka tena. Chupa ileile ya mtori, koti lilelile. Mama yake Ndeshi aliitikia shikamoo yangu bila kuniangalia.

Mwalimu akaanza kugawa nafasi. Fulani mkiani, fulani kulia. Alipofika kushoto akasita. Akamgeukia Ndeshi, "Anayepanda ndiye roho yake iko humo. Unataka nani kushoto?"

Ndeshi akasema, "Zuhura."

Mama yake akasema, "Ndeshi."

Ndeshi hakumjibu mama yake. Alinijia mpaka karibu, akaniuliza kwa sauti ya kawaida, na wote wakisikia.

"Ukiona kitu utanyanyua?"

Nilijua jibu linalotakiwa. Nilichokuwa sijui ni kama lilikuwa la kweli. Nikalisubiri kidogo lije.

"Nitanyanyua."

"Hata kama ni kifungo?"

"Hata kama ni kifungo."

"Haya," akasema. "Basi napanda."

Injini ikawaka. Ndege ikaanza kusogea. Wakuu, kunyanyua mikono nilishajua kukoje, lakini kuiacha chini nako ni kazi. Kila kijiwe kilikuwa kinaniita. Vumbi likizunguka naona kitu, nikitazama vizuri hakuna. Nilikagua tairi, bawa, chini ya tumbo la ndege, nikarudia. Sikuona kitu. Mikono ikabaki chini.

Ikakimbia, ikanyanyuka, ikapinda kuelekea mlimani. Tuliitazama mpaka ikawa nukta, halafu hata nukta ikaisha.

Waliporudi na injini ikazimwa, Ndeshi alikaa kwanza ndani bila kufungua mlango. Aliposhuka alienda kwa babu yake moja kwa moja.

"Nimeliona, Meku. Limekuwa la kahawia, lakini nimeliona."

"Na nyumba?"

"Nyumba nisingeijua. Shuka ndio nimelijua."

Mzee akaitikia kwa kichwa kama mtu ambaye ushauri wake umefuatwa.

Ndeshi alinisimulia mengine baadaye tukiokota vizuizi vya matairi. Mashamba ya mpunga ya Mabogini yalivyokuwa yanang'aa kama mabati mapya. Alisema pia kwamba ndege ilipoanza kusogea aliniangalia mimi, na alipoona mikono iko chini ndio akaacha kushika kiti.

Kuna jambo la mwisho. Wakati watu wanakunywa mtori, Meku aliniita. Nikaenda, nikamwamkia. Akamwambia Mwalimu Urio, "Kile kifungo mlichookota, bado unacho?"

Mwalimu alikuwa nacho, alikihifadhi kwenye boksi la spana. Mzee akakipokea, akakigeuza geuza kwenye mwanga.

"Hiki ni changu," akasema.

Mimi nikasema, "Babu, si ulisema chako kilipotea kabla ya Krismasi?"

"Nilisema. Sasa nasema ni changu. Wewe si fundi? Nishonee."

Sindano huwa natembea nayo kwenye begi. Nikamshonea palepale, koti likiwa mwilini. Wengine wakiangalia, mama yake Ndeshi naye akiangalia. Nilipomaliza aliniletea kikombe cha mtori, kimejaa. Nilikunywa chote.

Kama kile kifungo kilifanana na vingine? Kilikaribia. Matundu manne, rangi ileile. Kwa jicho langu kilikuwa kikubwa kidogo. Sikusema.

Kwa hiyo sijui kama mzee alikikumbuka kweli au aliamua kunimalizia kesi. Na kama ni chake, bado sijui kama ndicho nilichokiona kikidondoka.

Nilichojifunza mimi ni kidogo. Nilidhani unatakiwa kwanza uwe na moyo safi ndipo unyanyue mikono. Nimeona kwamba macho hayasubiri moyo usafishwe. Ukiona, nyanyua, moyo utaushughulikia ndege ikiwa imesimama. Na kwa wale wa upande wa pili, mnaosimamishwa: ile asante, hata ikiwa ya utaratibu tu, isemeni. Mimi ilinishikilia zile wiki zote kuliko nilivyojua wakati ule.

Naweza kuwa nimekosea. Humu najua kuna madereva wa malori, watu wa migodini, wauguzi, mafundi umeme, watu ambao kazi zao zina siku ya kusema simama kwa mkubwa. Ningependa kusikia kwenu mnafanyaje. Na anayeona siku ile ya kwanza ulikuwa wivu na sio macho aandike pia, sitakasirika. Nimeshaliwaza kabla yake.

Kiti cha safari ijayo bado hakijapata mtu. Nasoma mawingu.